Kortisoli: Damu ya Asubuhi, Damu ya Jioni, na Fomu Isiyosema Saa

Kati ya vipimo vya damu vinavyopita mikononi mwangu katika maabara hapa jijini Mbeya, sijui kingine kinachohitaji maelezo mengi kama homoni ya kortisoli, na sijui kingine kinacholetwa na maelezo machache kama hicho. Fomu inafika dirishani ikiwa na jina la mgonjwa, umri, jinsia na jina la kipimo. Saa damu ilipotolewa haikuandikwa, dawa anazotumia mgonjwa hazikuandikwa, na mahali pa kueleza sababu ya kuomba kipimo pana neno moja tu, "uchovu", au hapana kitu. Mashine itaisoma sampuli hiyo kama inavyosoma nyingine zote na kutoa namba, namba itachapishwa, na mtu ataisoma. Nashikilia kwamba namba ya kortisoli isiyo na saa wala orodha ya dawa ni nusu ya jibu, na kwamba kwa baadhi ya wagonjwa nusu hiyo inaweza kuwarudisha nyumbani na ugonjwa unaoua.

Homoni hii hutengenezwa na tezi za adrenali, tezi mbili ndogo zenye uzito wa gramu nne au tano kila moja, zilizokaa juu ya figo. Sehemu ya ndani ya tezi hutoa adrenalini, ambayo wengi wameisikia. Gamba la nje ndilo linalotengeneza kortisoli, pamoja na aldosteroni inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo, na homoni nyingine zinazofanana na zile za kiume. Kortisoli hushikilia sukari ya damu mtu anapokuwa hajala, husaidia mishipa kuitikia na kuinua presha, na hupanda haraka mwili unapopata homa kali, ajali au upasuaji. Mtu asiyekuwa nayo anaweza kuishi kwa kujikongoja katika siku za kawaida, lakini siku akipata malaria au kuhara, presha yake huanguka na dripu za maji peke yake hazimwinui.

Tezi hizi hazijiamulii. Ubongo huiamuru tezi ya pituitari, nayo humwaga kwenye damu homoni iitwayo ACTH, ambayo huziamuru adrenali zitoe kortisoli. Kortisoli ikitosha, hurudi kuutuliza ubongo na pituitari ili amri ipungue. Mzunguko huo wote unafuata mchana na usiku. Kortisoli huanza kupanda katika saa za mwisho za usingizi, hufika kileleni mtu anapoamka na muda mfupi baadaye, kisha hushuka taratibu mchana kutwa hadi kufikia kiwango cha chini kabisa mnamo saa sita usiku. Tofauti hiyo si ndogo. Katika aina mojawapo ya mashine zinazotumika sana, mtu mzima mwenye afya hutegemewa kuwa na takriban nanomoli 170 hadi 500 kwa lita damu ikitolewa kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi, lakini akitolewa damu kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku, viwango vinavyotegemewa ni takriban 70 hadi 290. Mtu ni yuleyule, na mkono ni uleule.

Mama yangu mdogo anaishi Busokelo, wilayani Rungwe, analima migomba na chai, na ameniruhusu kuandika habari zake ilimradi nisitaje jina. Miaka kadhaa nyuma aliugua kifua kikuu, akatumia dawa hadi akamaliza dozi, akarudi shambani. Baadaye alianza kupungua mwili. Chakula kilimtia kichefuchefu, lakini alikuwa akilamba chumvi kwenye kiganja kama mtoto, na akiinuka ghafla kutoka kwenye kigoda alipatwa na kizunguzungu mpaka ashike ukuta. Akapimwa VVU, hana. Akapimwa makohozi, kifua kikuu hakijarudi. Majirani walisema wanayosema watu mwili wa mtu unapokwisha bila sababu inayoonekana, na mimi sitayarudia hapa.

Daktari mmoja kijana, aliyemsikiliza kwa makini, ndiye aliyewaza adrenali na kuandika kortisoli kwenye fomu. Wazo lilikuwa sahihi kabisa, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini kutoka Busokelo hadi Mbeya mjini mtu hupanda gari mpaka Tukuyu, akasubiri Hiace ijae, akafika mchana, akapanga foleni ya kadi, akapanga foleni ya daktari, ndipo aelekezwe maabara. Damu yake ilitolewa saa kumi jioni katika kituo ambacho sitakitaja. Majibu yalikuwa nanomoli 96 kwa lita. Aliyeyapokea alitazama safu ya viwango vya jioni, akaona 96 imo ndani yake, akamwambia kwamba homoni iko sawa na kwamba huenda ana mawazo. Mama mdogo akarudi Busokelo akiwa na vidonge vya vitamini.

Aliponisimulia kwa simu nilimwomba aje alale kwangu. "Mwanangu, wamesema niko sawa, unataka wanitoe damu ya nini tena?" aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki, kwa kuwa nauli ni yake na mwili ni wake. Nilimjibu kwamba damu ya jioni haiwezi kujibu swali tulilonalo, kwa sababu jioni hata mtu mzima wa afya ana kortisoli kidogo. Tunachotaka kujua ni kama tezi zake zinaweza kupandisha homoni wakati ambapo kila mtu anaipandisha. Akaja. Saa mbili asubuhi iliyofuata akatolewa damu, na jibu likawa 92.

Namba hizo mbili, 96 na 92, zinakaribiana kiasi kwamba mtu asiye na habari atasema kipimo cha kwanza kilithibitishwa na cha pili. Ukweli ni kinyume chake. Jioni, 96 ilikuwa imejificha katikati ya watu wazima wa afya. Asubuhi, 92 ilisimama peke yake, kwa sababu kortisoli ya saa mbili asubuhi iliyo chini ya nanomoli 100 kwa lita, kwa mtu mwenye dalili na asiyetumia dawa yoyote ya jamii ya steroidi (dawa zinazofanya kazi kama kortisoli), ni ushahidi mzito kwamba adrenali zimeshindwa. Tezi zake hazikuwa na asubuhi wala jioni, zilitoa kile kidogo zilichoweza kutoa saa zote.

Ilikuwepo dalili nyingine ambayo haikuhitaji mashine yoyote. Alikuwa amekuwa mweusi zaidi, na nyumbani walidhani ni jua la shambani. Jua haliingii kwenye ufizi. Fizi zake zilikuwa na mabaka ya rangi ya wino, mistari ya viganja vyake ilikuwa imeingia weusi, na kovu jipya la panga kwenye kidole lilikuwa jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka, huku makovu ya zamani yakibaki na rangi yake. Adrenali zinaposhindwa, pituitari huongeza sauti ya amri, ACTH hujaa kwenye damu, na ACTH ikizidi huzichochea seli za rangi ya ngozi. Kwa watu wa ngozi nyeupe hilo huonekana upesi. Kwetu inabidi mtu amwambie mgonjwa afungue mdomo na akunjue viganja, na hiyo ni kazi ya dakika moja isiyo na gharama.

Ugonjwa huu unabeba jina la Thomas Addison, tabibu wa hospitali ya Guy's jijini London, aliyeueleza mwaka 1855 kwa kufuatilia wagonjwa kumi na mmoja. Hakuwa na kipimo cha homoni yoyote. Alitazama wagonjwa wakiwa hai, kisha akatazama tezi zao baada ya kufa, na sababu iliyojitokeza kuliko nyingine ilikuwa kifua kikuu kilichozila tezi hizo. Katika nchi tajiri leo sababu kuu ni kinga ya mwili inayoshambulia tezi zake yenyewe, na kwa hiyo vitabu vingi vinavyosomwa vyuoni huanza na hiyo. Huku kwetu ni lazima kifua kikuu kiendelee kufikiriwa mapema. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini (utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima wa Njombe na wa Iringa wanaishi na virusi), na palipo na VVU kifua kikuu hufuata, pamoja na maambukizi mengine yanayoweza kuingia kwenye adrenali. Picha ya CT ya mama mdogo ilionyesha tezi zilizosinyaa zenye chembe za chokaa, alama ambayo kifua kikuu cha zamani huiacha.

Kabla ya kufika kwenye picha tulipima ACTH, na hapo ndipo kazi ya maabara inapodai uangalifu mkubwa. Kortisoli yenyewe ni mvumilivu: damu ikiganda ndani ya tyubu ya kawaida, ikazungushwa kwenye sentrifuji na seramu ikatengwa, seramu hiyo, yaani maji ya damu, inaweza kukaa kwenye friji siku kadhaa bila kuharibika, na hivyo sampuli inaweza kusafiri kutoka wilayani bila matatizo. ACTH haivumilii. Inatakiwa tyubu ya kifuniko cha zambarau, itumbukizwe kwenye barafu mara tu baada ya kujaa, izungushwe haraka kwenye sentrifuji yenye baridi, plazma igandishwe na ibaki imeganda hadi ifike kwenye mashine. Sampuli ya ACTH iliyosahaulika juu ya meza hushuka, na ACTH iliyoshuka kwa kusahauliwa itamfanya daktari aelekeze macho kwenye pituitari wakati ugonjwa uko kwenye adrenali. Baridi ya Mbeya mwezi Juni haiwezi kuwa badala ya barafu. Nimelazimika kulisema hilo kwa watu wazima.

ACTH ikiwa juu sana, zaidi ya mara mbili ya kikomo cha juu, huku kortisoli ikiwa chini, tatizo liko kwenye adrenali zenyewe. ACTH ikiwa chini au ya kawaida huku kortisoli ikiwa chini, tatizo liko juu, kwenye pituitari au kwenye ubongo, au mgonjwa anatumia steroidi. Ya mama mdogo ilikuwa juu sana, na sodiamu yake ilikuwa chini na potasiamu juu, kwa sababu aldosteroni nayo ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana alilamba chumvi.

Si kila mgonjwa huwa na majibu yaliyo wazi kama yake. Kortisoli ya asubuhi inayozidi 400 au 500, kutegemea mashine, kwa kawaida huondoa shaka. Iliyo chini ya 100 huithibitisha. Kati ya hapo pana eneo pana ambalo namba moja haiwezi kuliamua, na wengi hukaa humo. Njia inayotumika ni kuzichochea tezi: mgonjwa huchomwa mikrogramu 250 za tetrakosaktidi, ambayo ni ACTH iliyotengenezwa kiwandani, na kortisoli hupimwa kabla ya sindano, kisha baada ya dakika 30 au 60. Kwa miaka mingi tezi zilizofikisha nanomoli 500 au zaidi zilihesabiwa kuwa nzima. Mashine mpya, ambazo kingamwili zake (protini zinazoinasa kortisoli ili ihesabiwe) huichagua kwa usahihi zaidi, husoma chini kidogo, na kikomo kwazo huwa karibu na 400 au 450. Ukitumia kikomo cha zamani kwenye mashine mpya utawapa watu wazima wa afya ugonjwa wasiokuwa nao na vidonge vya maisha yote. Sindano hiyo haikai kwenye kila stoo ya dawa, na ndiyo sababu nyingine ya kuifanya damu ya asubuhi ya kwanza iwe nzuri kadiri inavyowezekana.

Sasa nije kwenye dawa, kwa sababu hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi kuliko hata kwenye saa. Mtu anayetumia prednisoloni kwa pumu, kwa viungo au kwa ngozi anaziambia adrenali zake zipumzike. Akitumia kwa wiki nyingi, hulala, na zinaweza kuchukua miezi kuamka. Papo hapo prednisoloni inafanana na kortisoli kiasi cha kuzidanganya kingamwili za baadhi ya mashine, hivyo mgonjwa ambaye tezi zake zimelala anaweza kuonekana ana kortisoli ya kutosha, kumbe mashine imehesabu kidonge. Haidrokotisoni ni kortisoli yenyewe, na hakuna mashine inayoweza kuitofautisha na ile ya mwilini. Deksamethasoni haisomeki kama kortisoli, lakini inazizima tezi kwa nguvu kuliko zote mbili, na wapo wanaoimeza kwa kutafuta unene wa makalio na mashavu bila kumwambia mtu.

Halafu kuna mkorogo. Krimu kali za kung'arisha ngozi, zenye klobetasoli au betamethasoni, zikipakwa mwili mzima kila siku hupenya na kuingia kwenye damu. Mamlaka zimepiga marufuku vipodozi vya aina hiyo, lakini havijaisha kwenye vibanda. Mwanamke anakuja na uso wa mviringo, tumbo limeongezeka, michirizi imetokea, sukari imepanda, kila dalili inasema kortisoli imezidi, halafu kipimo cha asubuhi kinatoka 20. Namba hiyo haipingani na uso wake. Steroidi anayo nyingi, ila haikutengenezwa na tezi zake, na zenyewe zimenyamaza. Akiambiwa aache krimu siku hiyohiyo, anaweza kuanguka kwa ukosefu wa kortisoli. Muulizaji anapaswa kuuliza kwa heshima na faraghani, bila kumsuta, kwa sababu mwanamke aliyesutwa dirishani mbele ya foleni hatataja krimu yake kamwe. Mimi huuliza, "Dada, kuna mafuta au krimu yoyote unayopaka, hata ya kuchanganyiwa?" na mara nyingi jibu huja baada ya kimya kidogo.

Sindano za steroidi kwenye goti au bega huingia kwenye orodha hiyohiyo, na mzee mwenye goti bovu hatazitaja kwa sababu kwake hizo si dawa za homoni. Ritonavir, iliyomo kwenye baadhi ya mseto wa dawa za VVU, huzuia ini lisivunje steroidi, hivyo hata ya kuvuta kwa ajili ya pumu inaweza kujilimbikiza na kuzilaza tezi. Ketokonazoli huzuia adrenali zisitengeneze kortisoli. Rifampisini hufanya kinyume cha ritonavir: hulichochea ini livunje kortisoli haraka zaidi. Mtu mzima wa afya hufidia kwa kutengeneza zaidi, lakini mgonjwa wa kifua kikuu ambaye adrenali zake zimekwisha kuliwa nusu hana cha kufidia. Huanza dawa za TB, na badala ya kunenepa huzidi kudhoofika, hutapika, presha hushuka, na kila mtu husema dawa zimemkataa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, katika mikoa yetu, kortisoli ya asubuhi ni kipimo ambacho ningependa kiombwe mara nyingi zaidi kuliko kinavyoombwa.

Upande wa pili wako wanaoonekana kuwa na nyingi kuliko ukweli. Sehemu kubwa ya kortisoli husafiri ikiwa imeshikwa na protini maalumu ya damu, na mashine hupima yote, iliyoshikwa na iliyo huru. Ujauzito na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza protini hiyo, na namba hupanda wakati homoni inayofanya kazi haijabadilika sana. Sindano ya miezi mitatu na kijiti havina estrojeni na haviipandishi protini hiyo kwa namna hiyo. Kwa hiyo kuandika "uzazi wa mpango" kwenye fomu hakutoshi, iandikwe njia gani. Mgonjwa aliye mahututi, ambaye protini zake zimeshuka, huonekana na kidogo kuliko ukweli. Na vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi huzivuruga baadhi ya mashine: kwenye kortisoli hupandisha namba kwa uongo, na kwenye ACTH huishusha.

Nieleze kidogo jinsi mashine inavyosoma, kwa kuwa uongo huo wote unapitia mlango mmoja. Rosalyn Yalow na Solomon Berson, huko New York, walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba homoni iliyo kidogo mno kwenye damu inaweza kupimwa kwa kutumia kingamwili. Walianza na insulini, na mwaka 1977 Yalow alipata Tuzo ya Nobel, Berson akiwa amekwisha kufariki. Mashine zetu za leo zinatumia mwanga badala ya mionzi ya nyuklia, lakini wazo ni lilelile. Ndani ya kikombe kidogo huwekwa kingamwili chache, kortisoli ya mgonjwa, na kortisoli ya kiwandani iliyofungwa kitu cha kutoa mwanga, nazo zigombanie nafasi kama abiria wanavyogombania kosta ya mwisho ya Uyole. Ya mgonjwa ikiwa nyingi, yenye mwanga hukosa nafasi na mwanga hupungua. Ikiwa kidogo, mwanga huongezeka. Kitu chochote kinachofanana na kortisoli kiasi cha kupata nafasi kitahesabiwa kuwa kortisoli. Kila asubuhi, kabla ya sampuli ya kwanza ya mgonjwa, tunapitisha sampuli za udhibiti ambazo thamani yake inajulikana, na zisipokaa ndani ya mipaka hatutoi majibu hata kama foleni imefika getini. Udhibiti huo unathibitisha kwamba mashine iko sawa, lakini hauwezi kutuambia kwamba mgonjwa alipaka krimu jana.

Vizio vya kupimia navyo vinastahili neno. Maabara moja hutoa majibu kwa nanomoli kwa lita, nyingine kwa mikrogramu kwa desilita, na mikrogramu moja ni sawa na nanomoli 27.6. Kortisoli ya asubuhi ya mikrogramu 15 ni ya mtu mzima wa afya. Nanomoli 15 ni ya mtu anayepaswa kuwa kitandani na dripu. Karatasi inayosema "15" peke yake, iliyopigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp huku ukingo wenye vizio umekatwa, haifai kutolewa uamuzi na mtu yeyote.

Siku hizi huja pia watu, wengi wao vijana wa ofisini, wanaoomba kupimwa kortisoli kwa sababu wamesoma kwamba ni homoni ya msongo wa mawazo, au kwamba tezi zao "zimechoka". Huo uchovu wa adrenali unaouzwa pamoja na virutubisho si ugonjwa unaotambuliwa na wataalamu wa homoni, na kortisoli ya mchana ya mtu aliyekimbilia maabara kutoka kwenye kikao haitamwambia lolote kuhusu maisha yake. Uchovu wake ni wa kweli na unastahili kutafutiwa sababu; wingi wa damu, sukari, homoni ya thairoidi na usingizi wake vitasema mengi zaidi. Wala kipimo kimoja cha mchana hakifai kwa anayeshukiwa kuwa na kortisoli iliyozidi kutokana na uvimbe. Huyo hupewa miligramu moja ya deksamethasoni saa tano usiku, akatolewa damu asubuhi mnamo saa mbili au saa tatu, na tezi zenye utii zinapaswa kushuka chini ya nanomoli 50.

Kuhusu saa, kuna jambo dogo la kwetu. Mhudumu akiandika "saa 2" na mwingine akaiingiza kwenye kompyuta kama 2:00, damu ya asubuhi inakuwa damu ya alasiri au ya usiku wa manane, na viwango vinavyochapishwa pembeni vinabadilika. Iandikwe 08:00. Aidha iandikwe saa ambayo mgonjwa huamka, kwa mlinzi wa usiku, kwa muuguzi wa zamu na kwa dereva wa lori anayekesha akielekea Tunduma, kwa sababu asubuhi ya miili yao haiko pale ilipo ya wengine. Na kwa mgonjwa wa mbali, wa Makete au wa Chunya au wa Busokelo, kliniki impe tarehe ya kutoa damu tofauti na ya kumwona daktari, au damu itolewe asubuhi katika hospitali ya wilaya yake, seramu itengwe hukohuko, na isafiri ikiwa kwenye kasha la baridi. Kortisoli inaruhusu hilo. Ni mpangilio unaohitaji sentrifuji moja na makubaliano kati ya maabara mbili.

Haya yote ya kungoja asubuhi yana mpaka. Mgonjwa akiletwa presha imeanguka, anatapika, sukari iko chini, na kuna sababu ya kushuku adrenali, hakuna kungoja. Damu ya kortisoli, na ya ACTH ikiwezekana, itolewe palepale saa yoyote ile, na ndani ya dakika hizohizo achomwe haidrokotisoni miligramu 100 na kupewa maji ya chumvi. Kwa mwili ulio katika hali hiyo kortisoli ilipaswa kuwa juu sana, kwa hiyo hata namba inayoonekana ya kawaida ni ndogo mno kwake, na sampuli iliyotolewa kabla ya sindano itaendelea kuwa na maana hata majibu yakitoka kesho. Sindano ikitangulia damu, tutapima sindano. Lakini kama damu imekosekana, sindano isikosekane.

Mama mdogo hutumia haidrokotisoni ya vidonge inapopatikana, dozi kubwa asubuhi na ndogo mchana, na inapokosekana daktari humbadilishia prednisoloni kidogo, pamoja na fludrokotisoni kwa ajili ya chumvi. Akipata homa huongeza dozi maradufu bila kumsubiri mtu, na ana kadi kwenye pochi inayosema achomwe nini akikutwa hajitambui. Baadhi ya ndugu hunipigia kuuliza kama si wakati wa kumpima tena kortisoli ili kuona kama imepanda. Haitapanda, na kuipima sasa kungekuwa kupima vidonge alivyomeza asubuhi. Dozi yake hurekebishwa kwa kutazama uzito, presha akiwa amelala na akiwa amesimama, sodiamu na potasiamu, na kwa kumuuliza kama ile hamu ya kulamba chumvi imerudi.